Meli Haikimbii

Kaeni, wapendwa. Najua shule zinafunga wiki ijayo, na najua wengi wenu mmeshapanga safari. Hilo si baya. Kutembea ni kuzuri. Mungu hakuiumba dunia ili tuishie kuitazama kwenye simu. Lakini kabla hamjafunga mizigo yenu, nataka niwasimulie habari ya familia moja iliyokwenda kutembea Dar es Salaam. Msianze kugeuka nyuma kutafuta ni nani. Huu ni mfano, nimeutunga mwenyewe nyumbani kwangu. Atakayejikuta ndani yake, ajue ameingia kwa miguu yake.

Alikuwepo bwana mmoja, mtu mwenye kazi nzuri, mzee wa kanisa, ana mke na watoto watatu, wanakaa mjini Mbeya. Mama yake mzazi alikuwa Tukuyu, mjane, na migomba yake na kuku wake. Bwana huyu sitampa jina, wala mkewe, wala watoto. Mama nitampa. Tumwite Tupokigwe. Nampa jina kwa sababu siku ile ninayotaka kuwasimulia, tangu asubuhi mpaka jua linapoa, hakuna aliyemwita kwa namna nyingine isipokuwa "Mama, shika hapa" na "Bibi, shika hiki".

Mama Tupokigwe alikuwa na jambo moja moyoni. Marehemu mumewe, Mzee Anangisye, ujanani aliwahi kufanya kazi ya kupakua shehena bandarini Dar es Salaam. Walikuwa wameoana karibuni tu. Akamwacha mkewe nyumbani, akaenda kutafuta, na aliporudi alirudi na hadithi. Alisema kule kuna mahali bahari inajibana mpaka inakuwa nyembamba kama mto, na meli kubwa kama kilima hupita hapo katikati, karibu kabisa na nchi kavu, hata mtu aliyesimama ukingoni akimpungia mkono mtu wa melini, naye humpungia.

Mkewe alicheka. Alimwambia kilima hakipiti mtoni. Basi huo ukawa utani wao wa maisha. Mzee akichelewa kurudi akasema mvua ilimzuia njiani, mkewe anamuuliza kama na kilima nacho kilipita. Walizaa na utani huo, wakalea, wakazeeka nao. Hata Mzee Anangisye alipolala kitandani, siku zile za mwisho ambazo uji wenyewe ulikuwa haupiti kooni, bado alimtazama mkewe akamwambia, "Mwanamke wewe, nitakufa hujaniamini."

Akafa.

Kwa hiyo mwanawe alipompigia simu kumwambia kwamba likizo hii wanakwenda Dar es Salaam na yeye yumo safarini, mama alimwambia jambo moja tu. Alisema, "Mimi sitaki vingi, mwanangu. Nipeleke zinapopita meli, nikaone kama baba yenu alinidanganya."

Mwana akacheka, akasema hilo ni dogo mno, hilo limekwisha. Mkewe alikuwa pembeni, alisikia. Na njia nzima kutoka Mbeya, gari likipanda na kushuka, mama aliwasimulia wajukuu habari ya babu yao na kilima kinachoelea. Asije mtu akaniambia baadaye kwamba hawakujua. Walijua. Hili nataka mlishike, kwa sababu sisi binadamu tukibanwa huwa tunakimbilia kusema hatukujua.

Walifika, wakalala nyumba ya wageni, asubuhi wakaanza matembezi yao.

Sasa yule bwana alikuwa ameonywa na rafiki zake kazini kwamba Dar ukiacha begi ndani ya gari, utakuta kioo kimevunjwa na begi limeshapata baba mwingine. Akaamua kwamba hakuna kitu kitakachobaki garini. Lilikuwepo begi la kompyuta yake, begi la nguo za watoto za kubadilisha, kikapu cha chakula, mkoba wa mke, na makorokoro mengine ambayo familia ikitoka hutoka nayo. Nani atayashika? Baba ana simu mkononi, anapiga picha. Mama watoto amemshika mdogo asikimbilie barabarani. Watoto wakubwa, nao wako likizo.

Mnaona inavyokuja? Hakuna aliyekaa kitako akasema, leo tumgeuze mama yetu kuwa msumari wa kutundikia mabegi. Hakuna mtu mbaya katika familia hii. Hilo ndilo linalonikera. Laiti kungekuwa na mtu mbaya, ningemkemea nikamaliza.

Wakafika jumba la makumbusho. Mlangoni wakaambiwa mabegi hayaruhusiwi ndani. Bwana akageuka kulia, akageuka kushoto, jicho likamwangukia mama yake. Akamwambia kwa upole kabisa akae pale kwenye benchi na mizigo, kwa sababu ndani humo ni vitu vya kale tu, vinu na vibuyu na mikuki, na vitu vya namna hiyo anavyo tele nyumbani. Mama akakaa. Wao wakaingia. Wakachelewa humo, kwa sababu kulikuwa kuzuri. Walipotoka watoto walikuwa wamechangamka, wanasimuliana mafuvu na magari ya zamani, na yule wa katikati alipompita bibi yake akavua koti, akalitupia mapajani mwake bila hata kumtazama usoni. Kama unavyotundika koti kwenye msumari. Unaangalia uso wa msumari?

Mtoto yule, wapendwa, alijifunza wapi? Hakufundishwa darasani. Alimwona baba yake.

Kabla hawajaondoka, bwana akakumbuka picha. Akasema mama aje asimame hapa, wapate kumbukumbu. Mama akainuka na mabegi yote, maana alikuwa ameambiwa asiyaweke chini, watu wa mjini ni wepesi. Picha ikapigwa. Akaambiwa atabasamu. Akatabasamu.

Kutoka hapo wakaenda kwenye duka moja kubwa la ghorofa, lenye zile ngazi zinazopanda zenyewe. Watoto walikuwa wanazisubiri ngazi hizo tangu Mbeya. Mama Tupokigwe naye akazitazama, na niwaambie ukweli, alizitamani. Aliuliza mtu anakanyagaje. Mkwewe akamjibu kwa heshima zote, maana alikuwa mwanamke wa adabu, kwamba Mama ataanguka, afadhali akae pale chini penye kiyoyozi apumzike. Apumzike na nini? Apumzike na mabegi. Akakaa mlangoni, watu wakiingia na kutoka wakidhani anauza kitu. Wanawe waliporudi kutoka juu walikuwa na mifuko mingine minne mikononi, na kila mmoja alipofika kwake alipumua, akaweka wa kwake miguuni pake.

Mchana wakaingia mgahawani. Hapo nikifika damu yangu huchemka, mtanivumilia. Meza ilikuwa ya viti sita. Wao walikuwa sita. Hesabu inakubali, siyo? Lakini sakafu ilikuwa imetoka kupigwa deki, maji bado yanang'aa, na begi la kompyuta haliwezi kuwekwa kwenye maji. Basi begi likapewa kiti. Na mama mzazi, aliyembeba mtu huyu mgongoni kwenda kuchuma chai katika mvua ya Tukuyu, akakalishwa meza ya jirani, peke yake, na sahani yake ya wali. Hakuna aliyegombana. Mhudumu akamletea soda, akafikiri ni mteja mwingine.

Hebu niambieni. Ungekuwa wewe uko meza ya tatu pale, ukayaona hayo, ungesema nini? Najua. Ungesema watu wa siku hizi hawana adabu, halafu ungeendelea kula.

Baada ya chakula, wakashuka mpaka kwenye kivuko, pale Magogoni, panapovukwa kwenda Kigamboni. Mama alipoona maji, alivuta hewa kwa pua. Alimwambia mwanawe kwamba harufu hii ni ile ile aliyorudi nayo marehemu kwenye nguo zake, na akamuuliza kama hapa ndipo. Mwana akasema ndipo, Mama, hapa hapa, meli hupita hapa. Lakini watoto walikuwa wanamvuta mkono wapande kivuko wavuke ng'ambo na kurudi, waonje mawimbi. Akamwambia mama kwamba kule kwenye kivuko watu hubanana sana, atapata kizunguzungu, kwa hiyo akae pale kwenye kibaraza cha kusubiria na mizigo, wao wanakwenda na kurudi mara moja.

Kibaraza kile kilikuwa kimejengwa nyuma ya ukuta. Ukikaa, unatazama maegesho ya magari. Bahari iko mgongoni kwako.

Mama kwa mara ya kwanza siku ile akasita. Akasema, "Mwanangu, mimi nilitaka meli."

Naye mwanawe, huku ameshageuka, akamjibu, "Mama, meli haikimbii. Ipo tu."

Meli haikimbii. Mmesikia neno la msomi? Kitu ambacho kazi yake yote duniani ni kuondoka, yeye anasema hakikimbii. Na sisi tunasemaje? Mama yupo tu. Baba nitakwenda kumwona Pasaka, yupo tu. Tukimaliza nyumba tutamleta, tukinunua gari tutamleta, hatoki. Hatoki wapi? Nyie nendeni kaburini kwa Mzee Anangisye mkamuulize kama watu hawatoki.

Kivuko kikaondoka na familia. Kilipofika katikati kikapunguza mwendo, kikasimama, maana kulikuwa na meli inaingia bandarini na ni lazima ipishwe. Watu wote kwenye kivuko wakainua simu zao. Yule bwana naye akainua ya kwake, akamnyanyua mwanawe mdogo begani ili aone vizuri. Meli ikapita mbele yao. Akaipiga picha mbele, akaipiga katikati, akaipiga nyuma. Je, alimkumbuka mtu? Niambieni ninyi. Mimi niliyemtunga ninawaambia hakumkumbuka.

Mama Tupokigwe kule nyuma ya ukuta alisikia honi. Mlio mzito, uliotetemesha mpaka benchi. Karibu naye alikuwepo mama mmoja anauza samaki wa kukaanga. Akamuuliza ile sauti ni ya nini. Mwuza samaki, huku anageuza samaki wake kwenye mafuta, akamwambia ni meli inaingia, tena leo ni kubwa kwelikweli, azunguke tu huo ukuta ataiona.

Mama akayatazama mabegi. Akainuka akajaribu kuyabeba yote. Moja begani, moja kichwani, mifuko mikononi, koti la mtoto shingoni. Akapiga hatua mbili tatu, mkoba ukaponyoka, akainama kuuokota, lile la kichwani likaanguka. Akayarudisha kwenye benchi. Honi ikalia tena. Mtu mzima, mwanamke aliyezika mume na kulea watoto saba, amesimama hapo kama mtoto aliyekatazwa kutoka nje, anaangalia ukuta, anaangalia mabegi.

Mwuza samaki akamwuliza, "Mama, hayo mabegi ni yako?"

"Ya mwanangu."

"Basi ni yake. Wewe nenda."

Akaenda. Alikwenda haraka kadiri magoti yalivyomruhusu, akazunguka ukuta, akafika ukingoni penye mawe ambapo watu walikuwa wamesimama. Kwanza aliona jengo. Alidhani ni ghorofa la ng'ambo, kama yale aliyoyaona mjini tangu asubuhi. Halafu jengo likasogea.

Ilipita mbele yake polepole, nyeusi chini, nyekundu penye maji, juu imepangwa makasha kama nyumba juu ya nyumba. Karibu mno. Aliona kutu. Aliona kamba nene kuliko mguu wake. Na juu kabisa, penye reli, aliona mtu mmoja mdogo sana, amevaa nguo ya kazi, anafanya kazi zake. Mama Tupokigwe akafungua kanga yake begani, akaipunga. Yule mtu akasimama. Akatazama chini. Akainua mkono, akampungia.

Wapendwa, mama yule alikaa chini kwenye mawe. Alicheka mpaka machozi yakatoka, na hakujua tena ni kicheko au ni kilio. Waliokuwa karibu walimsikia akisema taratibu, kama anaongea na mtu aliyekaa naye, "Anangisye, kumbe. Kumbe, mume wangu. Nisamehe." Akarudia hivyo. Meli ikaingia ndani, ikapotea nyuma ya nyingine, yeye bado amekaa.

Sasa kivuko kimerudi. Familia imeshuka, imefurahi, imelowa kidogo. Wamezunguka mpaka kwenye kibaraza. Benchi halina mtu. Halina na mabegi.  Bwana yule akakimbia huku na huku, akazunguka ukuta, na pale kwenye mawe akamwona mama yake ameketi, mikono mitupu, uso umelowa machozi.

Nataka mnyamaze hapa kidogo. Mtu anarudi, anamkuta mama yake mzee katika jiji ambalo hakuwahi kulikanyaga, yuko peke yake, amekaa chini ukingoni mwa bahari, analia. Neno la kwanza kinywani mwake litakuwa nini?

Lilikuwa hili: "Mama, mabegi yako wapi?"

Hakusema umeanguka. Hakusema nani amekuumiza. Mabegi yako wapi.

 Mama hakukasirika, mimi ndiye nimekasirika kwa niaba yake. Akasema, "Sijui. Nimeyaacha."

"Lakini Mama, si nilikuachia wewe?"

"Uliniachia, ndiyo. Na mimi nimeyaacha. Wewe nilikuzaa, mwanangu. Mabegi hayo sikuyazaa."

Watu waliosimama pale wakatazama pembeni, kama watu wanavyofanya kwenye aibu isiyo yao. Bwana miguu ilikuwa imeshamgeuza arudi kutafuta. Akayakuta. Yule mwuza samaki alikuwa ameyavuta chini ya meza yake na kuyafunika gunia, asije mtu akayachukua. Yote yalikuwepo, na koti la mtoto lilikuwepo, na kompyuta ilikuwepo. Bwana akafunga macho, akainua mikono mbele za watu, akasema asante Mungu, wewe ni mwema, hukuniacha. Na ilikuwa sala ya kweli. Ilitoka moyoni. Hapo ndipo mnaweza kujua moyo wa mtu ulipo, sikilizeni tu ni kitu gani kimemtoa shukrani bila kulazimishwa.

Safari ya kurudi Mbeya, mama alitazama dirishani. Walidhani amechoka. Kwa njia ile yote ndefu hakuna aliyemuuliza alikuwa anafanya nini kwenye yale mawe.

Jumapili iliyofuata bwana huyu alisimama kanisani kutoa shukrani. Alikuwa amemleta mama yake, amemshonea na kitenge kipya. Wakatundika shuka ukutani, picha zikaonyeshwa. Mama makumbusho. Mama duka kubwa. Mama mjini. Kila picha mama amebeba mabegi, na hakuna aliyeyaona mabegi, kwa sababu jicho huona lilichozoea kutafuta. Bwana akasema kwamba wengi wetu tunangoja wazazi wafe ndipo tuwanunulie majeneza ya gharama, lakini yeye ameamua kumtunza mama yake angali hai, na amemwonyesha jiji lote. Kanisa likapiga makofi. Kwaya ikasimama ikaimba.

Wakampa mama kipaza sauti, aseme neno. Alikishika kwa mikono miwili. Akasema anamshukuru Mungu kwa kumpa uzima, anamshukuru mwanawe na mkwewe kwa safari. Kisha akasema, "Na meli niliiona. Baba yenu alikuwa mkweli." Akaketi.

Watu wakapiga makofi tena. Yule bwana naye akapiga makofi. Halafu akamwinamia mkewe sikioni, akamuuliza, "Meli gani?"

Nawaona mnaguna. Mama mmoja hapa mbele ametikisa kichwa, na vijana wa kule nyuma wamesema "aaah". Mnataka niwaambie kwamba mwishoni alielewa, akamkimbilia mama yake akapiga magoti. Mfano ni wangu, ningeweza kumliza hata sasa hivi. Sitamliza. Nikimliza yeye, ninyi mtarudi nyumbani na nafuu, mkisema ameshatubu kwa niaba yetu.

Mmemkasirikia? Vizuri. Nilitaka mkasirike. Msiiache hasira hiyo ipoe, maana nina mahali pa kuipeleka.

Leo tuna wageni, kwaya ya kanisa la jirani, karibuni sana. Baada ya ibada kuna chai na chakula, imetangazwa. Sasa nawauliza, chakula hicho kinajipika? Mama Sekela yuko wapi? Mtazameni. Hayupo. Bibi Atupele, aliyewafundisha shule ya Jumapili nusu ya ninyi mliovaa tai humu ndani, amekaa benchi gani? Hayumo humu. Wako nyuma ya ukuta huu. Wanapuliza moto. Wamekuja alfajiri kabla mlango wa kanisa haujafunguliwa, na mahubiri wanayasikia kwa kupitia dirishani, kipande leo, kipande Jumapili nyingine, katikati ya sufuria na moshi. Na si leo tu. Kila tukiwa na wageni, ni wao. Kila harusi, ni wao. Kila msiba, ni wao. Tumewapa na jina zuri, tukawaita kamati. Tukigawa meza ya Bwana wao huja mwisho, wanafuta mikono kwenye kanga, na kuna siku hawaji kabisa kwa sababu wali ungeungua. Nani alikwenda kuwauliza? Nani amewahi kurudi Jumatatu akamwambia Bibi Atupele kwamba jana nilikukosa ndani?

Mtasema wanapenda. Mtasema ni huduma yao, wamejitolea, wamezoea. Na mke wa yule bwana wa mfano alisema nini? Alisema mama apumzike hapa penye kiyoyozi. Sisi ni watu wa adabu, tunawaacha nje kwa maneno matamu. Halafu ibada ikiisha tunatoka pale mlangoni tumejaa baraka, tumeshikana mikono, na neno letu la kwanza kwao ni lipi? Chai iko wapi. Tunawauliza akina mama waliotulea, chai iko wapi.

Tusiseme habari za mbingu kwa mdomo huu. Tusiimbe kwamba kwake Yeye wote ni sawa, wakati tumejenga ukuta na kuwaweka nyuma yake watu wale wale kila mara, na tunaona ni utaratibu.

Nilikuwa nimeandaa mahubiri marefu leo. Yapo hapa mkononi. Sijayaanza. Mlichosikia ni mfano tu.

Mzee wa zamu, simama. Nenda jikoni. Waambie waepue masufuria wayaweke chini, moto wauache ufe. Wasibadilishe nguo, waje na kanga hizo hizo za moshi. Wageni wetu watatusamehe, leo tutakula tumechelewa, na kama chakula kitakuwa kimepoa tutakila kimepoa. Na ninyi wa mabenchi haya mawili ya mbele, inukeni. Ndiyo, ninyi. Tafuteni pa kukaa, au simameni ukutani, mna miguu mizuri.

Mimi nitasubiri hapa. Wakishakaa, nitafungua mahubiri.